Mfuko wa sileji wa geji 1000: plastiki haina neno, kazi iko miguuni

Ni mrija wa nailoni nzito wa kutengenezea sileji, yaani malisho mabichi yanayochachushwa pasipo hewa, unaouzwa kwa mita kutoka kwenye roli, upana wake mita 1.5 ukiwa umelala bapa. Unakata kipande, unafunga chini, unajaza mahindi au majani yaliyokatwakatwa, unashindilia, unafunga juu, unasubiri. Hiyo ndiyo bidhaa nzima. Haina injini wala kitabu cha maelekezo, na pengine ndiyo maana wengi hununua wakidhani hakuna cha kujifunza.

Uamuzi wetu tunautanguliza: kwa mwenye ng'ombe watatu hadi wanane wa maziwa, mfuko huu unavundika malisho vizuri kuliko shimo. Kwa mwenye ng'ombe mmoja ni mkubwa mno. Kwa mwenye kumi na kuendelea ni kujichosha bure. Sababu zake ni za hesabu, na hesabu zenyewe ziko humu.

Kabla ya kulipa

Geji 1000 maana yake ni mikroni 250, yaani robo milimita. Jicho haliwezi kutofautisha mikroni 250 na 180, na vidole navyo hudanganywa na nailoni iliyokakamaa. Mizani haidanganywi. Mrija wa upana huo una mzunguko wa mita 3, kwa hiyo kila mita moja ya urefu ni mita 3 za mraba za nailoni. Unene wa mikroni 250 huwa na uzito wa gramu 230 hivi kwa mita ya mraba. Basi mita moja ya mrija ipige karibu gramu 690, na kipande cha mita 3 kipite kilo 2 kidogo. Ukiona gramu 500 kwa mita, hiyo ni mikroni 180 iliyoandikwa geji 1000.

Baada ya uzito, tazama nailoni dhidi ya jua. Vidonge vidogo vilivyotapakaa, michirizi na harufu kali ya kuungua ni dalili za plastiki iliyoyeyushwa upya. Plastiki hiyo huchanika kwenye mikunjo, na mikunjo iko palepale unapofunga. Uliza pia kama imetiwa kinga ya mionzi ya jua. Isiyo na kinga hupauka, ikawa ngumu, kisha ikapasuka kama ganda kabla msimu wa kiangazi haujaisha.

Kuhusu rangi, iliyo nyeupe nje na nyeusi ndani ndiyo bora, kwa kuwa nyeupe hurudisha joto na nyeusi huzuia mwanga. Nyeusi tupu huwaka juani, na sileji iliyo karibu na ukuta wake hupata joto la bure isilolihitaji. Ya uwazi ina faida moja, kwamba ukungu unauona bila kufungua, lakini ikae kivulini siku zote.

Jambo la mwisho la ununuzi ni urefu, na hapa wengi hupunjwa bila kujua. Kipande cha mita 2.5 mara nyingi hutajwa kuwa cha nusu tani. Ukijaza mrija huu unapata silinda yenye kipenyo cha sentimita 95. Ili kuziba upande mmoja unahitaji nailoni ya kufika katikati, sentimita 48, na nyingine 15 za fundo. Zidisha mara mbili, ondoa kwenye mita 2.5, kinabaki kimo cha mita 1.24 cha kujaza. Hizo ni kilo 440 hivi hata ukishindilia vizuri. Nusu tani inataka kipande cha mita 2.65. Kata 2.75 uwe na amani.

Kinachoingia ndani

Mfuko hauongezi ubora. Ukitia mabua makavu utatoa mabua makavu yenye harufu ya siki.

Mahindi yavunwe pale mmea mzima unapokuwa na ukavu wa asilimia 30 hadi 35. Ukavu ni kile kinachobaki maji yote yakishatoka. Vunja gunzi katikati utazame punje. Ugumu huanza juu ya punje ukishuka kuelekea kwenye gunzi. Ukifika nusu hadi theluthi mbili ya njia, panga liingie shambani. Punje ikibonyezwa kwa ukucha isirushe maziwa, itoe kitu kizito kama donge la uji. Kata sentimita 15 hadi 20 juu ya udongo, kwa sababu udongo ndio unaoleta bakteria wanaoozesha, na kipande cha chini cha bua hakina lishe ya kugombaniwa.

Kisha fanya jaribio la kiganja. Chukua konzi ya majani yaliyokatwa, ikamue kwa nguvu nusu dakika, fungua mkono. Maji yakichuruzika, ukavu uko chini ya asilimia 25 na bado ni mapema. Donge likibaki limeshikana na kiganja kikawa na unyevu kidogo, uko kati ya 25 na 30. Likijifungua polepole na mkono ukawa karibu mkavu, hapo ndipo. Likitawanyika mara moja umechelewa, na majani ya namna hiyo hayashindiliki hata umpandishe nani juu yake.

Mabingobingo, au nepia kwa wengine, ni habari nyingine. Yakikatwa mabichi huwa na ukavu wa asilimia 15 hadi 20 tu. Linganisha: kilo 500 za mahindi ya asilimia 33 zina kilo 165 za chakula, na kilo 500 za mabingobingo ya asilimia 18 zina kilo 90. Mfuko ni uleule, jasho ni lilelile, chakula ni karibu nusu. Tena yale maji hujikusanya chini ya mfuko, yakazalisha tope jeusi lenye uvundo. Yakate yakiwa na kimo cha mita moja hivi, yaache yanyauke nusu siku au usiku mmoja, ndipo yapite kwenye mashine. Sukari yake ni haba, kwa hiyo ongeza molasi asilimia 3 ya uzito, yaani kilo 15 kwa mfuko wa nusu tani. Wapo wanaoichanganya na maji mara tatu ya kiasi chake. Kwa majani makavu sawa, lakini kwa mabingobingo ni kurudisha maji uliyohangaika kuyatoa. Tia maji ya kuifanya itiririke tu. Mahindi yenye punje hayahitaji molasi hata kijiko.

Urefu wa vipande uwe sentimita 1 hadi 2 kwa mahindi, 2 hadi 3 kwa majani. Hapa mashine ya kukatia ina sehemu kubwa katika maisha ya mfuko kuliko watu wanavyodhani. Visu butu havikati, vinachana. Vinatoa vipande virefu vyenye ncha za mshazari, mfano wa sindano za mianzi, na ncha hizo hutoboa nailoni kutoka ndani wakati wa kushindilia. Tundu la namna hiyo hulioni, unaona tu duara la ukungu mweupe siku ya kufungua. Noa visu kila asubuhi ya kazi, na nafasi kati ya kisu kinachozunguka na kile kilichotulia iwe ya kupitisha karatasi, si kidole.

Kushindilia

Mifuko mingi huharibikia hapa, kisha plastiki ndiyo hulaumiwa.

Bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki hufanya kazi pasipo hewa. Kadiri hewa inavyobaki nyingi ndani, ndivyo mmea unavyoendelea kupumua, kula sukari na kutoa joto. Sileji iliyoshindiliwa kwa kilo 400 tu kwa mita ya ujazo, karibu theluthi mbili ya nafasi inayoonekana imejaa ni hewa. Trekta likikanyaga shimo vizuri hufika kilo 700. Miguu ya watu haifiki huko. Kiwango cha chini tunachokikubali kwa mfuko ni kilo 500, na kinapimika hivi: tabaka la kimo cha sentimita 15 ndani ya mfuko huu lina ujazo wa lita 107, hivyo libebe kilo 54. Pima ndoo yako mara moja ujue ina kilo ngapi, hesabu ndoo mpaka kilo 54 au 55, mwaga, kanyaga. Chora mistari ya kila sentimita 15 kwenye nailoni kwa kalamu ya wino mzito. Majani yakisimama kwenye mstari, endelea. Yakisimama sentimita 20, uko kwenye kilo 380 na bado hujashindilia. Usimwage tabaka jingine juu yake kwa matumaini kwamba uzito utamaliza kazi. Hautamaliza.

Anza kukanyaga pembeni, ukizunguka ukutani, ndipo uingie katikati. Mguu kwa tabia yake hupenda katikati, na ndiyo maana mifuko iliyofunguliwa huwa na pete ya ukungu pembeni na moyo mzuri. Mkanyagaji avae buti zilizooshwa, zisizo na tope la zizini.

Mfuko ukiachwa wazi bila kuzuiwa, hutanuka tumbo badala ya kushika. Nailoni ikivutika inakonda, na mikroni 250 ulizolipia zinakuwa 200 hapo tumboni. Kunja bati kwa umbo la mviringo, kipenyo chini kidogo ya sentimita 95, kingo zake zikiwa zimefunikwa ili zisichane, lifunge kwa kamba na ujazie mfuko ndani yake. Ukimaliza fungua kamba, vua bati. Hicho kibati ndicho kifaa tungependa kiuzwe pamoja na roli, na hakiuzwi.

Mfuko ukianza kujazwa umalizike na kufungwa siku hiyohiyo. Nusu mfuko uliolala wazi usiku kucha huamka moto, na sukari iliyoungua hairudi.

Kufunga, na siku za mwanzo

Fundo la chini lifungwe kabla ya kujaza, kisha mfuko ugeuzwe ndani nje ili fundo liwe ndani na chini pawe na sura ya kukaa. La juu, bonyeza majani kwa magoti huku ukikusanya nailoni, isokote mpaka iwe shingo ngumu, ipinde irudi yenyewe, funga kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya gurudumu. Kamba ya katani hulegea nailoni ikitulia, lakini mpira huifuata. Juu yake weka uzito, kama mfuko wa mchanga au tairi, usio na ncha.

Siku mbili tatu za kwanza mfuko huvimba. Ni gesi ya uchachukaji na itashuka yenyewe, kwa hiyo usiutoboe. Pia usilaze mifuko mipya kwenye chumba anacholala mtu, kwani baadhi ya gesi hizo ni sumu, hasa mahindi yakiwa yamevunwa baada ya ukame. Moshi wa rangi ya kahawia iliyopauka karibu na fundo maana yake ni ondoka, sio sogea uangalie.

Baada ya hapo adui ni panya. Hakuna geji inayomzuia. Inua mifuko juu ya mbao, acha njia ya kupita kati ya mfuko na ukuta, fyeka majani kuzunguka banda, wala usimwage punje chini siku ya kujaza. Kuku nao hudonoa, na ndama hulamba wakatafuna fundo. Pita kila wiki ukiwa na utepe wa kubandika uliotengenezwa kwa ajili ya nailoni ya sileji. Utepe wa kawaida wa kufungia makatoni hubanduka ndani ya siku chache. Futa vumbi, kausha, bandika kipande kinachozidi tundu sentimita 5 kila upande.

Kufungua na kulisha

Siku 21 ndizo za chini. Wiki sita ni bora, kwa kuwa wanga wa punje huendelea kulainika na ng'ombe huupata zaidi. Ukitia unga wa bakteria wa aina ya Lactobacillus buchneri, ambao kazi yao ni kuzuia sileji isipate moto baada ya kufunguliwa, wape siku 45 hadi 60. Ukiwafungulia wiki ya tatu umewanunua bure.

Sileji nzuri ya mahindi ni ya kijani iliyoelekea manjano, yenye harufu ya uchachu wa kupendeza kama maziwa mgando. Karatasi ya kupima asidi isome pH 3.8 hadi 4.2, na kwa majani hadi 4.7. Rangi ya kahawia iliyokolea na harufu ya tumbaku ni dalili kwamba iliungua. Ng'ombe ataila kwa hamu, ila protini yake imefungwa na haimfai kitu. Harufu ya samli iliyovunda inayong'ang'ania mikononi ni asidi ya butiriki, matokeo ya maji mengi au udongo. Penye ukungu toa, na utoe pamoja na sentimita kadhaa zinazopakana napo, maana kuvu hutangulia kusambaa kabla rangi haijaonekana. Sumukuvu humfuata ng'ombe mpaka kwenye maziwa na kuchemsha hakuiondoi. Sileji iliyoharibika hubeba pia listeria, bakteria wa maradhi, na kondoo na mbuzi hudhurika nayo kwa haraka.

Sasa ile hesabu ya idadi ya ng'ombe. Mfuko ukifunguliwa hewa inaingia, hamira za asili zinaamka na kula asidi iliyokuwa ikilinda chakula, joto linapanda, ukungu unafuata. Kinga ni kula haraka kuliko hewa inavyopenya, na penye joto hiyo ni sentimita 15 kwa siku. Kwa mfuko huu ni zile kilo 54. Ng'ombe mmoja kwa kilo 20 kwa siku anapunguza sentimita 6 tu, na siku ya nne unaweza kuingiza mkono ukahisi joto. Wawili wanafika sentimita 11, panapokubalika kwenye baridi. Watatu wanafika 17. Mwenye ng'ombe mmoja atafute mifuko midogo ya kilo 50, aimalize kwa siku mbili tatu.

Upande wa pili: ng'ombe watatu kwa siku 120 za kiangazi wanakula kilo 7,200. Weka asilimia 15 ya upotevu, unahitaji karibu kilo 8,500, mifuko 17. Hiyo ni kazi ya kueleweka. Ng'ombe kumi ni mifuko 56 au 57, kila mmoja na matabaka yake tisa au kumi ya kukanyagwa. Hapo shimo au rundo chini ya turubai likikanyagwa na trekta litakupa msongamano mzuri zaidi kwa jasho dogo. Pipa la plastiki la lita 200 linamshinda panya na linadumu miaka, lakini linabeba kilo 100 hivi tu, kwa hiyo ni la mwenye ng'ombe mmoja au wawili.

Kila unapochota, shusha tabaka sawasawa kutoka juu, usichimbe kisima katikati, kisha kamua hewa na ufunge tena. Mzoeshe ng'ombe kwa siku 7 hadi 10, ukianzia kilo 5. Mpe baada ya kukamua, si kabla, la sivyo maziwa yatanuka banda. Mabaki ya jana yatoke horini kabla ya ya leo kuingia.

Wala usimlishe sileji ya mahindi pekee ukangoja maziwa. Kilo 20 zenye ukavu wa asilimia 33 ni kilo 6.6 za chakula kikavu, takriban nusu ya mahitaji ya ng'ombe wa kilo 450. Protini yake ni asilimia 7 hadi 9, na anayekamuliwa vizuri anataka 15 hadi 17 katika mlo mzima. Pengo hilo lizibwe na malisho ya jamii ya kunde kama lusini na desmodiamu, au mashudu, pamoja na madini na maji ya kutosha. Lawama nyingi za kwamba sileji haitoi maziwa huanzia kwenye hori lenye sileji peke yake.

Mfuko uliotumika usiurudie bila kuukagua. Toka nao juani: ushike juu ya kichwa, tazama kutokea ndani, na kila nukta ya mwanga ni tundu. Zikizidi mbili tatu, ukate uwe viraka vya mifuko mipya au kifuniko cha nje dhidi ya jua na kuku. Mfuko wa geji 1000 uliotunzwa hutoa msimu mmoja wa uhakika. Wa pili ni wa kubahatisha, na kwa kilo 500 za malisho hatuoni kwa nini mtu abahatishe.